Senti Mbili kwa Wiki, na Ufunguo wa Sanduku

Habari za umoja wa akina mama kanisani husimuliwa kuanzia kwenye maombi. Mama fulani aliguswa moyo, akawaita wenzake, wakapiga magoti, Mungu akatenda. Sina ugomvi na masimulizi hayo. Ila kila ninaporudia historia ya wanawake wa Kimethodisti wa Marekani, ambao chama chao cha mwaka 1869 kimezaa au kuchochea vyama vingi vya wenzao kuanzia Korea mpaka Katanga, jicho langu hukimbilia kwenye pesa: nani alizikusanya, nani alizitunza, na nani alikuwa na neno la mwisho zinapokwenda.

Jumanne ya tarehe 23 Machi 1869 mvua kubwa ilinyesha Boston. Wanawake walikuwa wameitwa kukutana katika kanisa la Methodisti la mtaa wa Tremont. Walifika wanane. Wawili kati yao, Clementina Butler na Lois Parker, walikuwa wake wa wamisionari, wametoka India, na walikuwa na jambo la kusema ambalo waume zao waliliona lakini hawakuwa na la kulifanya. Kaskazini mwa India wanawake wa nyumba kubwa waliishi zenana, nyuma ya pazia. Daktari mwanamume haingii humo, wala mhubiri, wala mwalimu. Mwanamke akiugua, ndugu zake wangeweza kumwacha afe kuliko kumwita mwanamume asiye maharimu amtazame. Msomaji aliyelelewa na bibi wa Lamu au Unguja, bibi aliyetawishwa tangu alipovunja ungo, hahitaji maelezo marefu hapo.

Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka. Mlango ule utafunguliwa na mwanamke tu, tena mwanamke mwenye taaluma: daktari, mwalimu. Bodi ya Misheni ya Kanisa la Methodisti la Kiaskofu ilikuwa na desturi ya kuwatuma wanaume pamoja na wake zao, na wake hao walifanya kazi nyingi bila mshahara wala cheo. Mwanamke asiye na mume kutumwa kwa jina lake mwenyewe lilikuwa jambo la nadra. Wanane wale wakaunda Chama cha Wanawake cha Misheni za Nje. Mwezi Mei mwaka huohuo walikuwa tayari na gazeti lao.

Kama simulizi ingeishia hapo, tungekuwa na ukurasa mzuri wa kitabu cha shule ya Jumapili. Mimi naona chama kilizaliwa hasa majuma machache baadaye, pale makatibu wa Bodi walipokaa na wanawake hao kuzungumza. John Durbin, katibu wa siku nyingi, hakuwakatisha tamaa. Aliwapongeza. Kisha akatoa pendekezo ambalo mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye kamati ya kanisa atalitambua hata akiwa amefumba macho: akina mama wachangishe fedha, uendeshaji wa kazi waachie Bodi huku nyumbani na wamisionari walioko huko.

Pendekezo hilo halikuwa la uadui. Lilikuwa la heshima kabisa, na ndiyo sababu lilikuwa gumu kulikataa. Uingereza wanawake wa Kimethodisti walikuwa wameunda kamati yao tangu 1858, miaka kumi na moja kabla ya Boston, nao walifanya kazi chini ya kivuli cha chama cha wanaume. Mfano ulikuwepo. Wanawake wa Boston wangeweza kuufuata, wakashukuriwa kila mwaka kwenye ripoti, wakapewa wimbo.

Walikataa. Sisi tukusanye, sisi tuchague wa kutuma, sisi tumlipe. Walikubali kushauriana na Bodi, na wateule wao wathibitishwe nayo, lakini mfuko ukabaki kwao. Wanaume nao wakaweka sharti: wasichangishe kwenye ibada wala kwenye mikutano ya hadhara ya kanisa. Sadaka ya Jumapili ni ya Bodi, wao watafute kwingine.

Sharti hilo lilikusudiwa kuwabana. Kwa maoni yangu liliwajenga kuliko msaada wowote ambao wangepewa. Umenyimwa kapu la sadaka, unakwenda wapi? Unakwenda mlango kwa mlango. Mchango ukawekwa senti mbili kwa wiki, pamoja na sala. Senti mbili ni kitu ambacho mwanamke asiye na kipato chake angeweza kukibana kwenye hela ya mboga bila kumwomba mume ruhusa. Kila usharika ukawa na kundi lake dogo, kundi likawa na mkusanyaji, mkusanyaji akawa na daftari, makundi yakaungana kuwa tawi la jimbo, na kila tawi likawa na katibu wake wa kuandikiana barua na wamisionari. Viongozi hawakulipwa. Fedha zilizokusanywa hivyo zilikuwa na jina la mtu nyuma ya kila sarafu, na huyo mtu alitaka kujua sarafu yake imefanya nini. Hapo ndipo gazeti lilipopata kazi.

Gazeti lilihaririwa na Harriet Warren, mke wa William Warren aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Boston. Aliliongoza tangu 1869 hadi kifo chake mwaka 1893. Jina lake lilikuwa Rafiki wa Mwanamke Mpagani, na nitalirudia jina hilo baadaye kwa sababu si la kupita hivihivi. Kwa sasa inatosha kusema kwamba mama wa shambani Ohio alilisoma akaona barua ya mwalimu wa Lucknow inayotaja bei ya madawati. Hiyo ndiyo risiti yake.

Kabla ya hapo, lakini, palikuwa na siku moja ambayo nadhani ndiyo inayoeleza watu hawa ni wa namna gani. Chama kilikuwa kimempata Isabella Thoburn, mwalimu kutoka Ohio, mwenye umri wa miaka ishirini na tisa, aliyekuwa tayari kwenda India. Hela ya kumpeleka haikuwepo. Kikao kikasita. Ndipo mjumbe mmoja, Bi. Edwin Porter, akasimama akauliza kama watampoteza Bi. Thoburn kwa sababu tu hawana fedha mkononi. La, akasema, afadhali tutembee mitaa ya Boston na magauni ya kaliko tuokoe gharama ya nguo za thamani. Akatoa hoja ateuliwe. Hoja ikapita.

Kaliko kilikuwa kitambaa cha pamba cha bei ya chini, nguo ya jikoni. Siwezi kujizuia hapa: kitambaa cha pamba ambacho mababu zetu wa pwani na bara walikiita merikani kilitoka jimbo hilohilo la Massachusetts, kikafumwa kwenye viwanda kama vya Lowell na kuletwa Unguja na majahazi makubwa ya Salem, bandari jirani ya Boston. Kwetu merikani ilikuwa mali, ilihesabiwa kwa mikono na kulipia mizigo ya misafara. Kwa mabibi wale pamba ya namna hiyo ilikuwa ya kuvaa ukiwa huna mgeni.

Isabella Thoburn alipanda meli New York tarehe 3 Novemba 1869 pamoja na Clara Swain, daktari aliyekuwa amehitimu mwaka huohuo katika chuo cha udaktari cha wanawake cha Pennsylvania. Walifika Bareilly Januari 1870. Swain alianza kutibu na kufundisha bila kusubiri jengo. Alipohitaji kiwanja, yeye na wenzake walikwenda kwa Nawabu, yaani mtawala, wa Rampur wakiwa na nia ya kununua shamba lake lililopakana na misheni. Nawabu, Mwislamu ambaye hakuwa na mapenzi na mahubiri yao, aliwapa bure: eneo la ekari arobaini hivi lenye nyumba, visima na bustani. Ikawa mwaka 1871. Mwaka 1874 hospitali ilifunguliwa hapo, nayo huhesabiwa kuwa hospitali ya kwanza ya wanawake barani Asia.

Thoburn yeye alikwenda Lucknow, ambako kaka yake James alikuwa mmisionari. Aprili 1870 alifungua shule kwenye chumba kimoja cha soko la Aminabad, wasichana sita, na mlangoni kijana mwenye fimbo ya mwanzi akilinda wasije watu wakaifanyia fujo. Chumba kile kikakua hadi kuwa chuo, na chuo kikachukua jina lake.

Lakini kuna kisa kidogo cha siku za mwanzo ambacho James mwenyewe alikiandika, nami nakithamini kuliko hata habari ya chuo. Alimpa dada yake barua za kunakili. Akanakili. Siku chache baadaye dada akamwambia, kwa upole, kwamba karani wa kunakili angemsaidia sana. James akashtuka. Akakiri baadaye kwamba ndipo alipoelewa kuwa mwanamke aliyetumwa ni mmisionari kamili, muda wake una thamani ileile, na haki zake ni takatifu kama za wanaume.

Watu husema hiyo ni busara ya Isabella. Nakubali, alikuwa na busara. Lakini tumtazame pia kwa jicho la mhasibu. Nauli yake haikulipwa na kaka yake, wala na Bodi ya kaka yake. Mshahara wake ulitoka kwenye senti mbili za wanawake wa Boston na kwingineko, nao walikuwa wanasubiri barua kuhusu shule, si kuhusu nakala za barua za James. Mke wa mmisionari, kazi yake yote ikitambuliwa kupitia mume, angelisemaje neno lile? Angenakili.

Tukiendelea na hesabu hiyo, miaka mingi iliyofuata inasomeka vizuri. Mwaka 1880 kikaundwa chama cha pili, Chama cha Wanawake cha Misheni za Ndani, rais wake wa kwanza akiwa Lucy Hayes, mke wa rais wa nchi, na kazi yake ikaanza kwa wanawake weusi wa Kusini waliotoka utumwani. Mwaka 1885 Mary Scranton alifika Seoul kwa fedha za chama cha nje. Mwaka uliofuata akaanza shule na mwanafunzi mmoja, na shule hiyo leo ni Chuo Kikuu cha Ewha. Wakati huohuo kanisa lenyewe lilikuwa halijaamua kama wanawake ni watu wazima. Mwaka 1888 wanawake watano walichaguliwa na majimbo yao kwenda Mkutano Mkuu, mmoja wao Frances Willard aliyekuwa maarufu nchi nzima. Mkutano ukakataa kuwapa viti. Ilibidi wasubiri hadi 1904. Yaani mwanamke angeweza kuendesha hospitali Asia na kusaini hundi za walimu mabara mawili, ila kupiga kura juu ya kanuni za kanisa lake hapana.

Kanisa la Methodisti la Kusini, lililojitenga mwaka 1844 kwa sababu ya utumwa, linatupa kipimo cha upande wa pili. Wanawake wake walipata chama chao cha misheni za nje mwaka 1878, wakamtuma Laura Haygood China. Mwaka 1910 Mkutano Mkuu, wenye wanaume watupu, ukaamua kuviunganisha vyama vya wanawake na kuviweka chini ya Bodi. Lugha ilikuwa ileile tunayoijua: kuondoa urudufu, kuimarisha umoja. Wenye vyama hawakuulizwa kura yao kwa sababu hawakuwa nayo. Belle Bennett, kiongozi wao, alihutubia mkutano huo kudai haki ya walei wanawake. Wakamsikiliza, wakampigia kura ya hapana. Alirudi tena na tena mpaka 1918 ikapita, na wanawake wa kwanza wakaketi kama wajumbe mwaka 1922, mwaka aliofariki.

Nikiangalia kisa hicho naona jambo ambalo wachambuzi wengi wa historia ya kanisa hulipita haraka. Wanawake wa Kusini walianza kudai kura kwa nguvu zote pale waliponyang'anywa mfuko. Mtu ambaye hajawahi kushika chochote, kumnyima kura anaweza kuliona kama hali ya hewa. Aliyeshika miaka thelathini kisha akapokonywa kwa azimio la siku moja, huyo hatulii.

Makanisa matatu ya Kimethodisti yaliungana mwaka 1939, na mwaka uliofuata vyama vya wanawake vikawa Chama cha Wanawake cha Huduma ya Kikristo. Muungano huo uliwatenga waumini weusi katika jimbo lao la pekee, aibu iliyodumu karibu miaka thelathini. Hapa ndipo ninaporudi kwenye lile jina la gazeti. Mwanamke mpagani, rafiki yake mzungu: hilo ndilo jicho waliloanza nalo, na kulifunika kwa sifa ni kuwadanganya wasomaji. Walimwona mwenzao wa Asia kama mtu wa kuokolewa. Gazeti lilibadilishwa jina mwaka 1896, lakini jicho halibadilishwi kwa mkupuo wa wino. Lililowabadilisha, naamini, ni wale waliowasomesha. Lilavati Singh, mwanafunzi wa Thoburn aliyekuja kuwa profesa chuoni hapo, alisimama New York mwaka 1900 mbele ya mkutano mkubwa wa wamisionari akazungumza Kiingereza kilichomfanya rais mstaafu Benjamin Harrison aseme kwamba hata angetoa dola milioni moja kwa misheni na kumpata huyo peke yake, asingejuta. Harrison alidhani anamsifu. Nami kila nikisoma sifa hiyo najiuliza Bi. Singh aliipokeaje. Mwaka 1923 Helen Kim wa Korea, zao la Ewha, ndiye aliyetoa wazo la shirikisho la dunia la wanawake wa Kimethodisti, na mwaka 1939 likaundwa.

Kwa upande wa rangi, wanawake hawa walikwenda mbele ya kanisa lao. Mwaka 1952 walipitisha mkataba wao dhidi ya ubaguzi, wakati kanisa zima lilikuwa bado na jimbo la weusi pembeni. Waliweza kwa sababu walikuwa na fedha zao, wafanyakazi wao, na mikutano yao ambayo waliamua wenyewe ifanyike kwenye hoteli gani na ipi iachwe. Mwaka 1963 wakafungua jengo namba 777 mbele ya Umoja wa Mataifa, New York, ambalo mpaka leo lina ofisi za mashirika mengi. Ardhi ya Manhattan hainunuliwi kwa kuimba mapambio.

Mwaka uliofuata mambo yakageuka tena. Mkutano Mkuu wa 1964 uliihamisha kazi ya kuendesha misheni za wanawake, hospitali na shule walizojenga karne nzima, kwenda Bodi ya pamoja. Urudufu, umoja, ufanisi, tumekwisha kuyasikia. Walibaki na elimu, uanachama, kazi za kijamii, na kukusanya fedha. Durbin alikuwa ameshafariki karibu miaka tisini, lakini angetabasamu. Jina likawa Wanawake wa Methodisti Muungano mwaka 1972. Mwaka 2012 ndipo walipopata tena kujitenga na Bodi kimuundo, na mwaka 2022 wakajiita Wanawake Walioungana katika Imani, jina lisilotaja Methodisti kabisa, wakati kanisa lao lilikuwa linapasuka vipande. Wapo waliolia kwa kupoteza jina. Mimi naona walichelewa kujifunza kutoka kwa mabibi zao kwamba jina si kitu cha kung'ang'ania kuliko ufunguo.

Katanga, ambako Umethodisti ulifika kwa mikono ya akina Springer, mume na mke wamisionari kutoka Marekani, mwanzoni mwa karne iliyopita, wanawake wa kanisa hilo wanajiita Kipendano. Ni neno zuri la Kiswahili, lenye kupendana ndani yake, na mwenyekiti wao anaitwa Mama Kipendano. Hapo ndipo historia hii inapotugusa, na hapo ndipo ninapokosa subira na mahubiri ya sifa tunayopewa akina mama kila siku yao ya mwaka. Maana pande zetu, Methodisti au lisilo Methodisti, umoja wa wanawake ndio unaopika, ndio unaofariji wafiwa, ndio unaonunua sare za kitenge na kukodisha masufuria. Hao hao, siku za Jumatano, wamo kwenye vikoba au chama, wakiwa na sanduku la kufuli tatu na wanawake watatu walioshika funguo tatu tofauti, na hakuna anayefungua mpaka wote wawepo. Wanajua kutunza pesa kuliko benki. Wakiingia kanisani, akaunti ya umoja wao inasainiwa na mchungaji na katibu wa baraza.

Watetezi wa utaratibu huo wana hoja, na si ya kijinga. Kanisa ni mwili mmoja, wanasema, na mfuko uliojitenga huzaa kanisa ndani ya kanisa. Wapo viongozi wa umoja walioula mfuko wakiwa peke yao, hilo nimelisikia. Lakini dawa ya mwizi ni ukaguzi, na ukaguzi unaweza kufanywa bila kuchukua sahihi. Wanawake wa Boston walitoa ripoti kila mwaka, imechapishwa, kila mtu aisome. Mfuko haukuwatoka mikononi.

Kanisani kwetu, ambalo silitaji, mhazini wa akina mama ni mstaafu wa ualimu mwenye daftari la kaunta lililofungwa kwa jalada la gazeti. Anaandika kwa kalamu mbili, ya bluu ya mapato na nyekundu ya madeni. Miaka mitatu iliyopita kamati ya ujenzi ilikopa kwenye mfuko wao laki nne na nusu, ya mabati ya upande wa madhabahu, na ahadi ya kurudisha baada ya sadaka ya mavuno. Mabati yako juu, mvua haiingii tena kwenye kwaya. Mavuno yamepita mara tatu. Nilimwona mwezi uliopita baada ya ibada, amelaza daftari kwenye meza ya sambusa, amefungua ukurasa mpya wa mwaka, na mstari wa kwanza kabisa aliouhamisha kutoka ukurasa wa zamani, kwa wino mwekundu, ulikuwa huo.